Kusikia, Lugha na Utambuzi: Historia ya Kipandikizi cha Koklea na Hatima ya Mtoto Kiziwi katika Mazingira ya Konyo Konyo, Juba

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti wa kusikia na utambuzi kwa watumiaji wa kipandikizi cha koklea, tangu jaribio la Paris la mwaka 1957 hadi kuanza kwa upasuaji huo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Historia hiyo inapimwa kwa mazingira ya soko la Konyo Konyo jijini Juba, mahali penye lugha nyingi, kelele nyingi na huduma chache. Hoja kuu ni kwamba utafiti ulioanza kwa kuuliza kama sikio linaweza kuamshwa kwa umeme umeishia kwenye swali jingine: je, akili ya mtoto imepata lugha kwa wakati? Makala yanaonesha kuwa matokeo mengi yanayotegemewa na watunga sera yametoka katika lugha na mazingira yasiyofanana na ya Juba, na kwamba mpango wowote wa kipandikizi usiotanguliwa na kinga, upimaji wa mapema na lugha ya alama utawaacha watoto wengi bila sauti na bila lugha. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa Sudan Kusini na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Konyo Konyo ni miongoni mwa masoko makongwe na makubwa ya Juba. Liko upande wa mashariki wa mji, kuelekea Mto Naili, jirani na mtaa wa Malakia. Bidhaa nyingi hufika hapo kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo huiunganisha Juba na Uganda na, kupitia Uganda, bandari ya Mombasa. Tangu Mkataba wa Amani wa mwaka 2005, wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya wamemiminika Juba, nao raia waliorejea kutoka ukimbizini wamerudi na lugha za huko walikoishi. Kwa hiyo, mtoto anayekulia kando ya kibanda cha mama yake sokoni husikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kiswahili, Kiganda na Kiingereza katika siku moja, huku jenereta na pikipiki zikinguruma.

Mtoto kiziwi katika mazingira hayo huzungukwa na lugha sita bila kuifikia hata moja. Hali hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Mara nyingi mjadala kuhusu kipandikizi cha koklea huendeshwa kama mjadala wa kifaa: bei yake, hospitali inayoweza kukipandikiza na mfadhili wa kukinunua. Historia ya utafiti inaonesha kuwa swali la kifaa ni sehemu tu ya swali pana zaidi, yaani jinsi akili ya binadamu inavyojengwa na lugha katika miaka ya mwanzo ya maisha, na jinsi inavyoumia lugha isipopatikana kwa njia yoyote.

Kabla ya kuingia katika historia hiyo, ni vyema kueleza kwa ufupi namna kifaa kinavyofanya kazi. Kisaidizi cha kawaida cha kusikia hukuza sauti na kuipeleka katika sikio ambalo bado lina uwezo fulani. Kipandikizi cha koklea huipita sehemu ya sikio iliyoharibika. Maikrofoni iliyo nje hupokea sauti. Kichakata sauti huigawa katika mikanda ya masafa. Kisha mawimbi ya redio hupitisha taarifa hiyo ngozini hadi kwenye kipokezi kilichopandikizwa chini yake. Kutoka hapo, elektrodi zilizoingizwa ndani ya koklea husisimua neva ya kusikia moja kwa moja. Sikio zima lina takribani seli 3,500 za ndani za kupokea sauti, ilhali kipandikizi kina elektrodi kati ya 12 na 22 hivi. Kinachofika kwenye ubongo ni muhtasari wa sauti, na ubongo ndio unaopaswa kujifunza kuusoma muhtasari huo.

2.0 Njia mbili zilizoanza mwaka 1957

Tarehe 25 Februari 1957, daktari Charles Eyriès alipandikiza kifaa kilichobuniwa na mwanafiziolojia André Djourno katika kichwa cha mgonjwa kiziwi jijini Paris. Mgonjwa huyo aliweza kutambua mdundo wa sauti na maneno machache, ingawa hakuelewa mazungumzo. Kifaa kiliharibika baada ya muda, na ushirikiano wa watafiti hao wawili ukavunjika. Djourno hakupenda uvumbuzi wake ufungwe mikononi mwa kampuni moja ya biashara. Msimamo huo haukuzuia biashara kuja baadaye, lakini unakumbusha kuwa suala la bei na umiliki wa teknolojia hii lilizaliwa pamoja na teknolojia yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1957, Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi jijini Accra, Ghana. Foster hakuja na umeme. Alikuja na lugha ya alama. Kwa miaka thelathini iliyofuata alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika na kuwaandaa walimu viziwi. Alifariki dunia mwezi Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, akiwa safarini kuelekea Kenya. Katika kipindi hichohicho, nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zikijenga shule zake za kwanza za viziwi, ikiwamo ile ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963.

Njia hizi mbili, ya umeme na ya alama, zilikua bila kukutana. Sababu mojawapo ni ya kale zaidi. Mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 ulipitisha azimio la kuitukuza njia ya kusema na kuiondoa lugha ya alama madarasani. Ilichukua hadi mwaka 1960 kwa mwanaisimu William Stokoe kuanza kuonesha kuwa lugha ya alama ya Marekani ina muundo wa lugha kamili, na hadi mwaka 2010, katika mkutano wa Vancouver, azimio la Milan kukataliwa rasmi. Kwa hiyo, katika miaka yote ambayo kipandikizi kilikuwa kikitengenezwa, waganga na wahandisi wengi walifanya kazi ndani ya mapokeo yaliyolihesabu neno la mdomo kuwa ndilo lugha, na alama kuwa kikwazo chake.

Juba haikuwa na nafasi katika njia yoyote kati ya hizo. Maasi ya Torit ya mwezi Agosti 1955 yalifungua vita ya kwanza iliyodumu hadi Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972. Vita ya pili ilianza mwaka 1983 na kumalizika mwaka 2005. Vipindi vya maendeleo makubwa ya elimu ya viziwi kwingineko vilikuwa, kwa Sudan Kusini, vipindi vya kuzingirwa, njaa na ukimbizi.

3.0 Kutoka elektrodi moja hadi mikondo mingi

Baada ya Paris, kazi ilihamia Marekani. William House wa Los Angeles alifanya upandikizaji wa kwanza mwaka 1961, na kufikia mwaka 1972 alikuwa na kifaa cha elektrodi moja ambacho mgonjwa aliweza kukivaa nje ya maabara. Wanasayansi wengi walimshuku. Waliona kuwa neva ya kusikia, yenye nyuzi zipatazo 30,000, haiwezi kulishwa maana kwa waya mmoja. Tathmini iliyogharimiwa na taasisi za afya za Marekani na kuongozwa na Robert Bilger, iliyotolewa mwaka 1977, iliwapima watumiaji 13 na kufikia uamuzi wa kati: kifaa kiliwasaidia kusoma midomo na kufuatilia sauti za mazingira, lakini hakikuwawezesha kuelewa usemi kwa kusikia pekee.

Majibu ya shaka hiyo yalitoka Vienna na Melbourne. Ingeborg na Erwin Hochmair walifanikisha upandikizaji wa kifaa cha mikondo mingi mwezi Desemba 1977. Mwezi Agosti 1978, Graeme Clark alipandikiza kifaa cha aina hiyo nchini Australia. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha elektrodi moja mwaka 1984, na kile cha mikondo mingi mwaka 1985, vyote kwa watu wazima. Mwaka 1990 idhini ilitolewa kwa watoto kuanzia miaka 2. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake walichapisha mbinu mpya ya kuchakata sauti ambayo ilipandisha kwa kiasi kikubwa uelewa wa usemi. Clark, Ingeborg Hochmair na Wilson walitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2013. Kufikia mwaka 2022, vifaa vilivyosajiliwa duniani vilikuwa vimepita milioni 1.

Idhini ya mwaka 1990 ndiyo iliyobadilisha swali. Mtu mzima aliyepoteza usikivu tayari ana lugha. Kipandikizi humrudishia njia ya kuifikia. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana lugha hiyo bado, na kifaa kinatarajiwa kuwa mlango wake wa kwanza. Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani kilipinga waziwazi mwaka 1991 upandikizaji kwa watoto, kikihoji ni nani aliyeamua kuwa mtoto kiziwi ni mgonjwa. Mwaka 2000 chama hicho kililegeza msimamo na kukikubali kifaa kama chaguo mojawapo, kikisisitiza kuwa mtoto asinyimwe lugha ya alama. Mvutano huo ulisukuma utafiti kutoka kwenye sikio kwenda kwenye akili.

4.0 Utafiti wa utambuzi: kutoka sikio hadi akili

Katika miaka ya 1990, matokeo ya watoto waliopandikizwa yaliwashangaza watafiti kwa kutofautiana kwake. Watoto wawili wenye kifaa kilekile, upasuaji uleule na umri unaolingana waliweza kuishia mbali mno: mmoja akazungumza kwa ufasaha, mwingine akabaki na maneno machache. Tofauti hiyo haikuelezwa na elektrodi. David Pisoni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kupima mambo ambayo vipimo vya kawaida vya kusikia havikuyagusa: kumbukumbu tendaji, urefu wa orodha ya tarakimu ambazo mtoto anaweza kuzishika, na uwezo wa kurudia maneno ya kubuni. Walibaini kuwa uwezo wa kushika na kuchakata taarifa za sauti kwa muda mfupi unahusiana na maendeleo ya lugha ya mtoto. Kusikia, kwa maelezo hayo, si kupokea sauti tu. Ni kuishika, kuipanga na kuilinganisha na kile kinachojulikana.

Mkondo wa pili wa utafiti ulihusu wakati. Mwaka 2002 Anu Sharma na wenzake walipima mwitikio wa gamba la ubongo kwa watoto waliopandikizwa katika umri mbalimbali. Waliopata kifaa kabla ya umri wa takribani miaka 3 na nusu walionesha mwitikio uliolingana na wa wenzao wanaosikia. Wengi wa waliopata baada ya miaka 7 hawakuufikia. Ubongo usiopokea sauti haukai ukisubiri. Maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya kusikia huanza kupangwa upya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa msemo huo una kipimo cha miezi na miaka.

Mwaka 2016 Andrej Kral, William Kronenberger, Pisoni na Gerard O'Donoghue walipendekeza kuwa uziwi wa utotoni utazamwe kama hali inayogusa mtandao mzima wa ubongo, ikiwamo umakini, mpangilio wa mambo na kujidhibiti. Hoja hiyo ilizua swali zito la kisera: je, upungufu unaoonekana katika utambuzi wa baadhi ya watoto viziwi unatokana na kukosa sauti au kukosa lugha? Matthew Hall na wenzake walilijibu mwaka 2017 kwa kuangalia watoto viziwi waliozaliwa katika familia zinazotumia lugha ya alama. Watoto hao walikosa sauti tangu kuzaliwa, lakini hawakukosa lugha, nao hawakuonesha dalili za ziada za matatizo ya kujidhibiti zilizotarajiwa na nadharia ya sauti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kinachoumiza ni kunyimwa lugha.

Ushahidi wenye uzito kwa Juba unatoka Nicaragua. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi waliokusanywa katika shule jijini Managua walianza kuunda lugha mpya ya alama kizazi baada ya kizazi. Jennie Pyers na Ann Senghas walionesha mwaka 2009 kuwa watumiaji wa kizazi cha kwanza, ambao lugha yao ilikuwa na alama chache za kuzungumzia mawazo ya mtu mwingine, walipata shida kutambua kuwa mtu anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Walipojifunza alama hizo ukubwani kutoka kwa wadogo zao, uelewa wao ulipanda. Hakuna kifaa kilichopandikizwa hapo. Kilichobadilika ni lugha, nayo ililetwa na kukusanyika kwa viziwi mahali pamoja.

Haitakuwa haki kuacha upande wa pili. Mwaka 2017 Ann Geers na wenzake walifuatilia watoto 97 waliopandikizwa na kueleza kuwa wale ambao familia zao hazikutumia alama walipata matokeo bora zaidi ya usemi na kusoma. Wakosoaji walijibu kuwa watoto walioitwa watumiaji wa alama walikuwa wamepewa alama za hapa na pale na wazazi waliokuwa wakijifunza, wala si lugha kamili. Kwa upande mwingine, Kathryn Davidson na wenzake walionesha mwaka 2014 kuwa watoto waliopandikizwa na kukulia katika lugha kamili ya alama walifanya vizuri katika Kiingereza sawa na wenzao wanaosikia wa familia za viziwi, ingawa walikuwa watoto 5 tu. Mjadala haujafungwa. Hata hivyo, pande zote mbili zinafanya kazi katika nchi ambako mtoto akishindwa na njia moja, ipo nyingine ya kumpokea. Juba haina anasa hiyo, na uamuzi wa kisera unapaswa kupimwa kwa hasara ya mtoto aliyeshindwa na njia pekee aliyopewa.

Utafiti wa wazee nao unastahili kutajwa kwa ufupi. Isabelle Mosnier na wenzake wa Ufaransa waliwafuatilia watu 94 wenye umri wa miaka 65 hadi 85, na mwaka 2015 wakaripoti kuwa wengi wa walioanza na alama za chini za utambuzi walipata nafuu mwaka mmoja baada ya kupandikizwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2023, lililohusu visaidizi vya kawaida vya kusikia, halikuona tofauti kwa washiriki wote kwa jumla, bali kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa ya kupoteza kumbukumbu. Tahadhari ya kisayansi inahitajika kabla ya kuahidi kuwa kifaa huzuia maradhi ya usahaulifu.

5.0 Konyo Konyo kama mazingira ya kusikia

Vipimo vingi vya watumiaji wa kipandikizi vilitengenezwa katika vyumba tulivu na kwa lugha chache: Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na, baadaye, Kichina. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake walionesha kuwa msikilizaji anaweza kuelewa sentensi za Kiingereza zilizopunguzwa hadi mikanda minne ya sauti, mradi kuna utulivu. Panapokuwa na kelele, mikanda mingi zaidi huhitajika, na utafiti wa Lendra Friesen na wenzake wa mwaka 2001 ulibaini kuwa watumiaji wa kipandikizi kwa kawaida hawanufaiki na zaidi ya mikondo 8 hivi, hata kifaa kikiwa na elektrodi 22. Kwa maneno mengine, soko ndilo mahali kipandikizi kinapodhoofika. Mtoto anaweza kufaulu kipimo cha kliniki na bado asielewe bei inayotajwa kibandani, na jitihada ya akili inayotumika kusikiliza humpunguzia nafasi ya kukumbuka na kufikiri.

Tatizo la pili ni la kiisimu. Kipandikizi hupeleka mdundo wa usemi vizuri kiasi, lakini hupeleka kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa udhaifu. Katika Kiswahili hasara hiyo inavumilika: shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na toni haitofautishi maana za maneno. Katika lugha za Kiniloti hali ni tofauti. Kidinka hutofautisha maumbo kwa toni, kwa viwango vitatu vya urefu wa irabu na kwa ubora wa sauti, yaani irabu yenye pumzi na isiyo na pumzi. Kazi za Torben Andersen na Bert Remijsen zimeonesha kuwa tofauti hizo hubeba mzigo mkubwa wa sarufi, ambao katika Kiswahili hubebwa na viambishi. Kibari nacho ni lugha ya toni, kama alivyochambua Eluzai Moga Yokwe katika miaka ya 1980. Tafiti za Kichina zimekwisha kuonesha kuwa watoto waliopandikizwa hutambua toni kwa shida na kwa kutofautiana sana. Hakuna sababu ya kudhani kuwa mtoto wa Kidinka atapata nafuu zaidi.

Kiarabu cha Juba kinasimama katikati. Lugha hii ilizaliwa katika kambi za kijeshi za karne ya 19. Ndugu yake, Kinubi, kilisafiri na askari waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 kuingia Uganda na hatimaye kufika Kibera, Nairobi, kikikopa maneno mengi ya Kiswahili njiani. Katika Kiarabu cha Juba, kuhamisha shadda hadi silabi ya mwisho kunaweza kugeuza kitenzi cha kutenda kuwa cha kutendwa: “kátulu” ni kuua, “katulú” ni kuuawa. Mtoto asiyesikia tofauti hiyo hajui nani alimtenda nani. Mtaalamu wa usemi anayempima kwa orodha ya maneno iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza hatagundua tatizo hilo, kwa kuwa orodha yake haikutengenezwa kuliona.

Hapa ndipo wanaisimu wa Kiswahili na wa lugha za Sudan Kusini wanapohitajika zaidi. Vipimo vya kusikia usemi, vipimo vya kumbukumbu tendaji na viwango vya ukuaji wa lugha kwa mtoto wa lugha nyingi haviwezi kununuliwa pamoja na kifaa.

6.0 Muhimbili na safari ya Juba

Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa vya koklea. Hadi wakati huo Serikali ya Tanzania ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa India. Taarifa za hospitali zilieleza kuwa gharama kwa mgonjwa ilishuka hadi chini ya nusu. Kwa eneo hili, hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko pesa: mtoto aliweza kurejea kliniki kurekebishiwa kifaa, na kufundishwa kusikiliza kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kwa familia ya Juba, upasuaji wa aina hii bado una maana ya kuvuka mpaka, na operesheni yenyewe ndiyo sehemu fupi ya safari. Kichakata sauti huhitaji kurekebishwa mara nyingi katika mwaka wa kwanza, waya hukatika, betri huisha. Juba ilipata kituo cha umeme cha megawati 33 mwezi Novemba 2019, lakini kaya nyingi bado hutegemea jenereta na sola. Kifaa kisicho na umeme ni kimya kamili, na kwa mtoto asiyejua alama yoyote, kimya hicho hukata mawasiliano yote.

Sababu za uziwi nazo zina jiografia yake. Sudan Kusini iko ndani ya ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, na mwaka 2007 ilikumbwa na mlipuko mkubwa. Ugonjwa huo unaweza kuua usikivu kwa siku chache, na mfupa mpya huweza kuijaza koklea ndani ya wiki au miezi, kiasi cha kuzuia elektrodi kuingia. Kwa mtoto wa namna hii, dirisha la upasuaji hufunga mapema kuliko dirisha la lugha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa asilimia 75 ya upotevu wa usikivu wa utotoni katika nchi za kipato cha chini na cha kati unaweza kuzuilika, kwa chanjo, tiba ya usaha masikioni, uzazi salama na uangalifu wa dawa zinazodhuru sikio. Chanjo dhidi ya uti wa mgongo wa kundi A, iliyoanza kutolewa Burkina Faso mwaka 2010, imewaokoa watoto wengi na uziwi bila upasuaji wowote.

Kisheria, msingi upo. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 6, inaitaka dola kukuza lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina lengo kama hilo, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Baada ya Sudan Kusini kutia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, uzoefu huo umekuwa mali ya pamoja.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa ina mafunzo matatu. Kwanza, kipandikizi cha koklea ni mafanikio ya kweli, na mtoto wa Juba anastahili kukifikia sawa na mtoto wa Vienna. Pili, mafanikio hayo yametegemea vitu visivyoonekana katika ankara: upimaji wa mapema, wataalamu wa usemi, umeme, vipuri na lugha nyumbani. Tatu, utafiti wa utambuzi umeonesha kuwa mtoto anayesubiri kifaa bila lugha hapumziki tu, anapoteza.

Kutokana na mafunzo hayo, makala yanapendekeza mpangilio wa hatua. Hatua ya kwanza iwe kinga na upimaji: kila mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na upimaji wa watoto wachanga uunganishwe na kliniki za chanjo ambazo mama wa sokoni huzifikia tayari. Hatua ya pili iwe lugha ya alama kwa mtoto na familia tangu siku uziwi unapogunduliwa, bila kungojea uamuzi kuhusu kifaa, na kwa kuwaajiri viziwi watu wazima kuwa walimu. Hatua ya tatu iwe makubaliano ya rufaa kati ya Juba na vituo vya Jumuiya, yatakayogharimia marekebisho, betri na vipuri kwa miaka isiyopungua 10, kwa kuwa mpango wa upasuaji usio na bajeti ya matunzo haupaswi kuidhinishwa. Hatua ya nne iwe utafiti: Chuo Kikuu cha Juba kwa kushirikiana na vyuo vya eneo hili kiandae vipimo vya usemi na kumbukumbu katika Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka na Kiswahili, vijaribiwe penye utulivu na penye kelele.

Hatua mbili za kwanza hazihitaji chumba cha upasuaji. Zinahitaji walimu, wauguzi na uamuzi wa wizara za afya na elimu kukaa meza moja. Zikicheleweshwa kwa hoja kwamba kifaa kiko njiani, watoto walio Konyo Konyo hivi leo watakuwa wamevuka umri wa miaka 7 kabla kifaa hicho hakijafika.